Mashine ya Maji ya Mama Cheol-ung

Mtoto akikupenda kupita kiasi, naye anaweza kukuua. Mama Cheol-ung, ajuza wa miaka sabini na minne, aliyajua hayo siku mwanawe alipomletea mashine ya kuchuja maji na kuifunga jikoni.

"Mama, habari za kupanda mlima na madumu sasa basi," Cheol-ung alisema. "Utateleza kwenye barafu uvunjike nyonga bure."

Mama akashukuru. Angefanyaje? Tangu aolewe, maji ya kunywa aliyateka kwenye chemchemi ya mlima ulio nyuma ya mtaa wao, kule Incheon. Kila alfajiri yeye na wenzake walipanga madumu foleni, wakajigongesha migongo kwenye misonobari kulegeza mishipa, wakagawana matango na kuwateta wakwe zao. Sasa akabaki ndani na televisheni. Chakula kikamshinda, usingizi ukamkimbia, presha ikapanda. Cheol-ung akaapa: isiposhuka kufikia mwezi wa nne, mama anahamia kwake Seoul, ghorofa ya kumi na tisa. Mama alilia peke yake. Kumng'oa pale mtaani, aliona, ni kumzika mzima mzima.

Jirani yake Pil-nyeo ndiye aliyekuja kumgongea mlango. "We Mama Cheol-ung, umeolewa tena au? Wiki ya tatu hii sina wa kuteta naye. Umbea umenijaa mpaka kooni."

Wakapanda mlima. Siku ya kwanza kwa kujikongoja, ya pili afadhali. Maji ya mashine akawa anaoshea kabichi tu, na mwanawe hakuambiwa kitu.

Mwezi wa nne presha ilikuwa imeshuka hata daktari akapima mara mbili. Cheol-ung akatabasamu mpaka masikioni. "Si nilikwambia? Ni ile mashine. Basi twende zetu kwangu, ninayo kubwa zaidi."

Hapo mama akaona kunyamaza kutamponza. "Mashine yako naoshea kabichi, mwanangu," akasema, akamweleza yote.

Cheol-ung alinuna mpaka jioni. Mwishowe akauliza, "Mnapanda saa ngapi?"

"Saa kumi na moja."

Alfajiri iliyofuata mama ilimbidi kumsubiri mwanawe kwenye kila benchi, Cheol-ung akihema, mikono kiunoni. Walipofika chemchemini, Pil-nyeo aliwatazama wote wawili, akamega tango.

"Enhe," akasema, "kati yenu mgonjwa ni yupi?"

Wanawake wakaangua kicheko. Cheol-ung akapokea tango, akakaa kwenye jiwe kati yao, akalitafuna lote.

"Mama," akasema mwishowe, "hapa mtaani kwenu nyumba za kupanga zinapatikana?"