Kikopo Kilichokwenda Kikoneni

Mashine yetu ya vinasaba hukaa mezani karibu na dirisha la kupokelea vikopo. Unaitilia kohozi, inatafuta vinasaba vya vijidudu vya kifua kikuu, na kabla ya saa mbili kwisha imeshasema. Haina subira na upuuzi, na mimi vilevile. Tangu nianze kazi maabara hii ya Msambweni nimerudisha mate mengi. Watu wa kwetu wana haya. Kukohoa kwa nguvu mbele ya mgeni ni kukosa adabu, basi hunitemea mate mepesi na kuapa kwamba ndilo kohozi.

Kwa hiyo sikushangaa mama mmoja wa Kikoneni alipoomba kikopo aende nacho nyumbani. Alikuwa na mkaza mwanawe, bi harusi wa miezi mitatu aliyetoka Vanga, anakohoa wiki ya tatu.

"Mwanangu, huyu hawezi kutema mbele za watu. Atatoa kesho alfajiri, nami nitakileta mwenyewe."

Akanivuta pembeni. Ami za mume wa binti walikuwa wamesema huyo mke kaja na maradhi ya kwao, na majibu yakithibitisha, atarudishwa kwao. Niliandika jina la binti kwenye kikopo, nikampa mavyaa wake.

Kesho yake alikileta kimefungwa katika pindo la kanga. Kohozi zito, safi kwa kazi yetu. Nilimsifu. Alicheka, akakohoa, nikamwambia ni vumbi la barabara.

Mashine ikasema kuna kifua kikuu, tena cha aina isiyosikia dawa ya kawaida. Nikawaita wote wawili. Binti alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema taratibu, "Lakini mimi sijatoa kohozi. Mama aliniambia limeshapelekwa."

Hasira zilinipanda. Nikamgeukia mavyaa. "Mama, hili ni la nani?"

"Langu," akasema. "Nilitaka litoke safi, mwanangu, asirudishwe. Mimi siumwi. Nakohoa tu, tangu mwaka jana."

Nilikuwa nimeshaandaa maneno makali. Badala yake niliona aibu. Mwanamke alikuwa amekohoa dirishani pangu, nami, mpimaji mzima, nikasingizia vumbi.

Binti alitoa lake siku hiyohiyo, uani nyuma ya maabara, mavyaa amemtandia kanga asionekane. Mashine haikuona kitu, ingawa tulimwambia arudi kupimwa tena kwa kuwa wanaishi nyumba moja.

Sasa mavyaa yuko kwenye dawa, na kila mwezi huja kutoa kohozi palepale uani. Anayeshika kanga ni mkaza mwanawe. Safari moja, akiwa ameishika hivyo, nilimuuliza ami walisemaje.

"Walikuja kuuliza majibu," akasema. "Mama akawaambia, mwenye maradhi ni mimi, nimekaa hapa miaka thelathini. Haya, nirudisheni kwetu."