Manowari ya Mbao za Tufaha

Qu Shouting alikuwa kiziwi wa sikio la kushoto, na sikio hilo ndilo lililomfanya akataliwe na jeshi la majini alipokuwa kijana. Akaishia kwenye kiwanda cha saa za ukutani huko Yantai, akisugua meno ya magurudumu ya shaba kwa tupa ndogo tangu asubuhi mpaka kengele ya jioni. Alifanya kazi vizuri wala hakulalamika. Ila manowari ilipopita mbele ya mji, hata kama tonge lilikuwa mdomoni, aliacha kutafuna akasimama.

Alikuwa ameshavuka miaka arobaini jiji lilipotangaza mashindano ya meli ndogo zinazoongozwa kwa redio. Meli ilitakiwa ifanane na meli ya kweli, izungushwe bwawani baina ya maboya bila kuyagusa, na mwenye meli aonyeshe mchoro aliofuata. Tangazo lilibandikwa karibu na mlango wa jiko la kiwanda. Qu alilisoma, akaenda kuchukua chakula, akarudi kulisoma tena bakuli likiwa mkononi.

"Unataka kutengeneza mashua?" aliuliza Chu, mwenzake wa meza moja ya kazi, mtu wa mzaha.

"Manowari."

"Manowari! Kwa tupa hiyo ya kuchokolea meno?"

"Kwa hiyo hiyo."

"Basi ukimaliza nipe ukapteni. Mke wangu ameshachoka kuolewa na fundi saa."

Nyumbani palikuwa na chumba kimoja na nusu, na meza moja. Mkewe, Mou Shuqin, aliivumilia ile kazi mwanzoni kwa kuwa alidhani itakwisha upesi. Qu aliokota mbao za masanduku ya tufaha nyuma ya soko, akachonga mkuku, ule uti wa chini wa meli, akakata mataruma, yaani mbavu zake, moja moja kwa msumeno mwembamba kama uzi. Kisha akapasua mbao nyembamba, akazilainisha kwa mvuke wa birika na kuzipinda juu ya mataruma, akizishika kwa vibanio vya nguo mpaka gundi ikauke. Nguo za familia zikawa zinapeperuka na kuanguka uani kwa kukosa vibanio. Vyumba vya juu ya sitaha alivikata kwenye makopo ya maziwa ya unga. Mitutu ya mizinga ilikuwa spoki za baiskeli, na mlingoti ulikuwa vijiti vya mwavuli uliovunjika.

"Baba Haiyan," Shuqin alisema siku moja kwa sauti ya chini iliyomtisha mumewe kuliko kelele, "umekatia bati kwa mkasi wangu wa kitambaa?"

"Kidogo tu."

"Kidogo tu! Mkasi niliopewa na mama yangu! Hebu niambie, nyumba hii ina nini ambacho hakijawa manowari? Mimi mwenyewe nitakuja kuamka nina rafadha ya meli mgongoni."

Binti yao Haiyan, aliyekuwa anamaliza shule, alicheka mpaka akajishika tumbo. Wakala kitandani jioni ile, kama jioni nyingine zote, kwa sababu mezani palikuwa bandari.

Shida kubwa haikuwa mbao wala bati, ilikuwa mchoro. Michoro ya manowari ilikuwa siri ya jeshi, haikuuzwa popote, na mtu mwenye akili zake hakuthubutu hata kuulizia. Qu alikuwa na picha moja tu ya kalenda, meli ikionekana kwa ubavu wa mbele. Kwa hiyo siku za mapumziko alipanda kilima cha juu ya bandari na mikate yake ya mvuke, akakaa nyasini, akanyoosha mkono na kupima manowari kwa kidole gumba. Alichora reli za sitaha, alichora ngazi, alihesabu madirisha. Watu walipita wakamwona. Naye akawaona, akawapungia mkono.

Redio alijiundia kwa vipuri vya redio mbovu, na kila jioni aliijaribu kwa kuutoa waya wake mrefu dirishani. Hakujua kwamba kila alipobonyeza, redio ya jirani ilikwaruza. Jirani mwenyewe alikuwa Bibi Luan, mwenyekiti wa kamati ya mtaa, ambaye hakukosa simulizi za jioni za redio.

Alimsimamisha Qu ngazini. "Ndugu Qu, jemadari amechomoa upanga, anataka kukata shingo ya msaliti, mara krrrr! Shingo imekatwa au haikukatwa? Mpaka leo sijui!"

Lakini bibi huyo alisimama upande wa kushoto, wa sikio lisilosikia. Qu alikuwa amebeba ndoo mbili za maji, akili yote iko kwenye usukani wa manowari yake. Alipita bila kugeuza kichwa.

"Anhaa," alisema Bibi Luan, akibaki na kidole chake hewani. "Kumbe tumefika huko."

Majira ya kuchipua Qu na Haiyan walikwenda kwenye bwawa la nje ya mji, manowari wameifunga kwa shuka nyuma ya baiskeli. Ilipowekwa majini ilitulia sawasawa, hata haikuinama. Qu aliipeleka mbali, akaigeuza, akairudisha, kisha akampa binti yake kisanduku cha kuiongozea.

"Mimi? Nikiizamisha je?"

"Utaifuata. Maji si marefu."

Haiyan aliizungusha huku ulimi ukiwa umetoka pembeni mwa mdomo, kama alivyokuwa akifanya utotoni akijifunza kuandika. Manowari ilikata maji, ikaacha mkia mweupe nyuma yake. "Baba, inanisikia!" alipiga kelele. "Kweli inanisikia!" Qu aliikunja ile shuka, akaikunjua, akaikunja tena.

Wiki hiyo hiyo walikuja wanaume wawili wa usalama waliovaa makoti ya kawaida. Shuqin alikuwa ametengeneza jiaozi, vitumbua vya unga vilivyojazwa samaki nguru, mvuke bado unapanda. "Maliza kula, Ndugu Qu," alisema mmoja wao kwa adabu. Nani angeweza kumeza? Waliichukua manowari, wakachukua michoro yote, wakachukua redio, wakamchukua na Qu mwenyewe. Bibi Luan alikuwa amesimama mlangoni kwake, na Qu alipopita bibi huyo alitazama chini. Huenda hakutegemea kwamba maneno aliyoyapeleka kwa wakubwa yangefika mbali hivyo.

Ofisini kwao waliuliza swali moja kwa namna nyingi. "Nani amekutuma?"

"Sikutumwa."

"Mtu anakaa mlimani, jua na upepo, anahesabu mizinga ya manowari za taifa. Nyumbani ana mtambo wa redio. Na wewe unasema hukutumwa."

"Nilitaka ifanane."

"Ifanane kwa ajili ya nani?"

Hilo Qu hakuwahi kujiuliza.

Mwisho wakamleta ofisa wa jeshi la majini aitazame michoro. Aliipekua upesi upesi, akaguna. "Dohani ya moshi ameiweka nyuma mno. Rada hii ameibuni tu. Jasusi akiuza kitu hiki, aliyenunua atadai arudishiwe chake." Wenzake wakacheka. Kicheko kile ndicho kilichomtoa Qu mle ndani, naye alilijua hilo. Hata hivyo alipofika barabarani, lililomchoma halikuwa kukoseshwa usingizi. Ilikuwa ile dohani aliyoikosea.

Hakushtakiwa, lakini hakusafishwa pia. Kiwandani alitolewa mezani akapelekwa uani kupakia masanduku. Chu, aliyekuwa hakosi neno, sasa alikula na watu wengine, na wakikutana mlangoni alijifanya kuchezea vifungo vya koti.

Hayo Qu angeyabeba. Ila Haiyan alikuwa ameomba nafasi ya mafunzo ya uuguzi katika jeshi la majini. Alikuwa amefaulu mtihani, amefaulu vipimo vya mwili, na ameshachagua atakayemwachia baiskeli. Jibu lilikuja kwamba hakuchaguliwa. Sababu haikutajwa, na hakuna aliyeiuliza.

Alirudi nyumbani akakaa ukingoni mwa kitanda bila kuvua koti.

"Baba, wewe ulitaka manowari," alisema. "Mimi nilitaka kazi."

Qu alikuwa amekaa kando, uso ameuelekeza dirishani.

"Usinigeuzie sikio hilo! Nigeuzie linalosikia!"

Akageuka. Haiyan alingoja. Shuqin naye, mwiko mkononi, alingoja. Kisha Haiyan akainuka, akatoka nje.

Aliajiriwa kwenye kiwanda cha samaki wa makopo, na baadaye akaolewa na dereva wa mji wa mbali. Alikuja nyumbani mwaka mpya, nafasi ikimruhusu. Alimsalimu baba yake ipasavyo, akamkaribisha chakula, akazungumza na mama yake.

Manowari ilirudishwa ndani ya gunia, miezi mingi baada ya mashindano kupita. Walikuwa wameipasua kwa msumeno katikati, kutoka sitaha mpaka mkuku, kuona kama ilificha kitu. Redio haikurudi.

"Si una gundi," Shuqin alimwambia, akijikaza asilie. "Iunge basi, Baba Haiyan. Meza nakupa."

Aliiunga. Ilimchukua majira yote ya baridi, na alipoiweka kwenye beseni maji yaliingia pale pale kwenye jeraha. Akapaka tena gundi, yakaingia tena. Siku moja aliifunga kwa shuka akaisukuma chini ya kitanda, na meza ikawa ya kulia chakula.

Miaka ilipita, masharti mengi yakalegea. Asubuhi moja, kwenye kibanda cha magazeti karibu na stesheni, Qu aliona jarida lenye manowari ile ile aliyoiiga, kwenye jalada. Ndani, kurasa mbili nzima, palikuwa na mchoro wa meli hiyo: ubavuni, juu, omo na tezi, yaani mbele na nyuma, vipimo vyote vimeandikwa kwa ajili ya vijana wanaopenda kutengeneza meli. Jarida lilikuwa limepangwa kati ya jarida la mapishi na la ushonaji.

"Mzee, unanunua au unasoma bure?" aliuliza muuzaji.

Alilinunua. Alitaka kuandika maneno machache pembeni mwa ukurasa, akashika kalamu, akaiweka. Alilitia kwenye bahasha jinsi lilivyokuwa, akaandika anwani ya Haiyan, akalipeleka posta mwenyewe.

Barua ya Haiyan kwa mama yake ilipofika, Shuqin aliisoma kwa sauti, akikaa upande wa kulia wa mumewe. Mtoto alikuwa na kikohozi. Kabichi imepanda bei. Mumewe amepewa gari jipya la kuendesha.

"Hakutaja kitu kingine?" aliuliza Qu.

Shuqin aligeuza karatasi, akatazama nyuma. "Kama nini?"

"Basi tu," alisema Qu, akavuta bakuli la uji karibu yake.