Kidonge cha Alfajiri

Nimechoka kuandika habari za wafu, wasomaji wangu, na nadhani nanyi mmechoka kuzisoma. Lakini siku ya Jumanne amefariki daktari wa moyo niliyemfahamu kwa miaka michache tu, na safari hii si risasi: ni maradhi ya ini, kitandani kwake, mtaani Kinindo. Siku hizi mtu akifa kwa ugonjwa tunakaribia kushukuru. Vita vimetufikisha hapo.

Tulikutana kwa sababu ya mama yangu, anayeishi mtaa wa Musaga na ambaye moyo wake umedhoofu. Moyo ukishindwa kusukuma damu, maji hujaa miguuni, kisha kifuani, na mtu huzama akiwa kitandani kwake. Daktari alimpa dawa ya moyo na ya kuyatoa maji hayo kwa mkojo, na baada ya muda akampima kwa ultrasaundi aone kama zinasaidia. Jenereta ilinguruma nje, naye akakitembeza kile kipimo chenye jeli kifuani mwa mama. Moyo ulikuwa umetanuka kuliko mwanzo. Mimi nikaanza kuliona kaburi. Daktari alishika kalamu aongeze dozi, kisha akaiweka chini.

"Mama, dawa unakunywaka yote?"

"Ile ya moyo, ndiyo. Ile ya mukojo, ya saa kumi ya jioni, apana."

"Juu ya nini?"

"Muganga, choo yetu iko inje. Ile kinini ya mukojo inaniamusha giza ikishaingia, na masasi inalia. Mi nitatoka namna gani?"

Hakumgombeza kwa kuogopa risasi. Alisugua macho, akasema, "Basi kunywa yote asubui, jua ikianza kutoka. Giza ikute umeshamaliza."

Miezi ikapita. Alipompima tena, alimgeuzia kioo cha mashine. "Ona, mama. Moyo umepungua kutanuka, na unasukuma muzuri."

"Ndiyo moyo yangu ile?" Mama akautazama ukipigapiga. "Masikini, inachoka!"

Daktari naye alikuwa amechoka. Aliwahi kuniambia kuwa mashine humwonyesha kama dawa inafanya kazi, ila haimwonyeshi njia ya kwenda chooni. Nami huwafikiria wakubwa wetu: hali ikizidi kuwa mbaya, wanatuongezea amri juu ya amri, na hakuna anayemwuliza mtu wa Musaga au wa mtaa wa Mutakura anaishije. Inanikatisha tamaa, sifichi.

Juzi matangani kwa daktari, katikati ya sala, mama alinyanyuka akauliza choo kiko wapi. Watu wakamkata jicho. Alikuwa amemeza vidonge vyake alfajiri, msiba au si msiba, kama alivyoagizwa. Mjane wa daktari alielewa, akamshika mkono, akampeleka mwenyewe, nami nikawafuata. Anayetaka kututibu na atuulize kwanza tunaishije. Daktari yule aliuliza, ndiyo maana juzi nilikuwa bado na mama wa kumsubiri nje ya choo.