Ofisi Yenye Shamba Katikati

Katika miaka yote niliyochora ramani za majengo, nimechora ofisi moja tu niliyoipenda, na waliokaa ndani yake hawakuipenda. Nikisema hivi watu hucheka, wakidhani natania. Sitanii. Nimechoka nalo tu jambo hili, kama mtu anavyochoka na jino linalouma kidogo kidogo bila kung'oka.

Nilikuwa nimerudi kutoka Dar es Salaam baada ya serikali kutupunguza kazini. Huko nilikaa katika chumba ambacho dirisha lake lilizibwa kwa mbao ili kiyoyozi kikae, na kiyoyozi chenyewe kilishakufa zamani. Tulichora mchana kutwa chini ya taa ya umeme, jasho likidondokea karatasi, na nje ya ukuta ule ule palikuwa na mti mkubwa wa mkungu ambao hakuna aliyeweza kuuona. Macho yaliniuma, kichwa kiliniuma. Nilijiapia kwamba siku nikipewa ofisi ya kuchora kwa akili yangu mwenyewe, kila mfanyakazi ataona jani bichi akiinua kichwa.

Siku hiyo nikaipatia Mbinga. Chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa kilitaka ofisi mpya mjini, kwenye kiwanja chenye mteremko, na wachoraji wengine wote walitaka kwanza kukata kilima. Mimi sikukata kitu. Nilizungusha vyumba pande nne, katikati nikaacha uwanja wazi kwa mvua na jua, na kila chumba nikakipa dirisha pana la kutazama ndani. Uwanjani niliacha mibuni iliyokuwepo pamoja na miti yake ya kivuli. Upande wa chini niliomba wachimbe ngolo, yale mashimo ya Wamatengo yenye matuta ya majani yaliyofukiwa kuzunguka, ili maji ya mapaa yatulie humo badala ya kukimbilia barabarani. Chini ya mti mmoja nilijenga benchi la mawe. Kwa mawazo yangu, karani angechoka na hesabu, angetoka, angekaa pale na kupumua.

Niseme kabisa kwamba mimi si Mmatengo. Nimezaliwa Lituhi, ziwani, ambako mbele ya nyumba yetu palikuwa na mchanga, mihogo na dagaa wa usipa waliotandazwa juani. Kwangu mlima wa kahawa ulikuwa kitu cha kutazama. Utotoni, tulipopanda huku na baba kuuza samaki wakavu, nilidhani watu wa juu wanaishi bustanini.

Katibu muhtasi wa ofisi ile alikuwa mama mmoja wa kijiji cha Ukata, huko huko mlimani, rika langu. Yeye aliniita fundi, mimi nikamwita mama. Alikuwa wa kwanza kwao kula mshahara. Tangu akiwa mdogo alichimba ngolo na mama yake, ameinama kutwa nzima mlimani, mpaka mashine ya kuchapa ikamnusuru. Wiki ya kwanza tu alishona pazia zito lenye maua makubwa mekundu, akaliziba dirisha langu. Maua ya kitambaa aliyavumilia. Haukupita muda mrefu, vyumba vyote vikawa na mapazia.

Nilisingizia baridi. Mwezi wa sita Mbinga mtu havui sweta hata saa sita mchana, na ofisi yenye uwanja wazi si rafiki wa mtu mwenye mafua. Lakini mwezi wa kumi ulifika na jua lake, na benchi langu likabaki tupu vile vile. Kisha Jumamosi moja nikapita, nikawakuta wote uwanjani wameshika majembe. Walikuwa wamepanda maharage juu ya matuta na sasa wanapalilia. Hakuna aliyewatuma. Ila Mmatengo hawezi kuona ngolo imekaa bure, hata iwe ndani ya ofisi. Walipalilia wamenuna kama wanafunzi waliopewa adhabu, wakamaliza, wakanawa, wakarudi ndani na kufunga mapazia.

Jumatatu nilimfuata yule mama. Nilikuwa na hasira na sikuificha. Nilimwambia ule uwanja si shamba, ni bustani, ni kwa ajili ya kupumzika. Akaniuliza tofauti yake ni nini. Nilimweleza kirefu sana, naye alinisikiliza kwa adabu, halafu akaniuliza kama bustani huwa na maharage. Kisha akaacha kuchapa.

"Fundi," alisema, "mtu akikaa shambani mikono mitupu watu wanamuuliza anaumwa nini. Sisi tumesoma ili tusilione jembe. Wewe umetuletea shamba mpaka mezani."

Nilitoka bila kuaga.

Baadaye ikaja biashara huria. Wanunuzi binafsi walipanda na malori yao, wakanunua kahawa majumbani na kulipa papo hapo, na wakulima waliokuwa wakisubiri malipo ya ushirika mpaka wasahau wakawakimbilia. Siwalaumu. Ushirika ulikonda mpaka ukashindwa kujilisha, na ofisi yangu ikapangishwa kwa mnunuzi mmoja, makarani wakiwa wale wale. Meneja mpya alizunguka jengo mara moja tu. Alisema uwanja utafyekwa, utasakafiwa na kuezekwa, apate pa kupanga magunia.

Nilikwenda kumwomba. Nilimwonyesha mahali maji ya mvua yanapotulia, nikamwonyesha vyumba vinavyopata mwanga bila jenereta. Alinisikiliza kuliko nilivyotarajia. Akasema yeye si mtu mbaya. Wafanyakazi wakimwambia kikaoni kwamba wanautaka uwanja, atauacha. Basi kitu pekee nilichokipenda katika kazi yangu kikawa mikononi mwa watu wenye mapazia.

Nilijua wengine watamfuata yule mama. Nikaenda kwake, safari hii kwa upole, nikamwomba jambo moja: afungue pazia mpaka siku ya kikao, atazame tu, halafu aseme atakavyo. Alikubali. Na alifungua kweli, maana nilikuwa napita kila siku kama mtu mwenye mgonjwa hospitalini, na nilimwona nyuma ya mashine yake, uso umeelekea kwenye mibuni. Wiki ile mvua ilinyesha vizuri, mashimo yakajaa, majani yakang'aa. Nilianza kuwa na matumaini, tena makubwa.

Kikao kilifanyika kwenye korido, nami nikaruhusiwa kusimama nyuma. Meneja aliuliza. Watu wakamtazama yule mama, naye akainuka taratibu.

"Nimetazama," alisema. "Mvua ikinyesha pale ni pazuri sana, fundi hakukosea. Lakini kila nikitazama kiuno kinaniuma. Mwageni saruji."

Hakuna aliyempinga. Iliniuma, na nikikumbuka leo bado inaniuma. Mibuni ilikatwa, ngolo zikajazwa vifusi, mabati yakapanda juu. Vyumba vikawa giza, taa zikawashwa mchana, sawa na kule Dar es Salaam nilikokimbia. Mvua ya kwanza maji yakaporomoka barabarani. Na kwa kuwa jengo sasa lilikuwa ghala, makarani hawakuhitajika tena. Msimu ulipokwisha walipunguzwa karibu wote, na yule mama akiwemo. Kuna jamaa waliotegemea nitafurahi. Niliitafuta hiyo furaha, sikuiona.

Miaka ikapita, akanitumia salamu kwamba anataka kujenga kibanda cha kustaafia, nikamchoree ramani. Nilikwenda Ukata. Mama yake alikuwa mlangoni anapukuchua maharage. Nikamwamkia shikamoo, akaniitikia na kunipa kigoda. Mwenyewe aliyeniita alitokea mlimani na jembe begani, matope mpaka magotini. Kabla ya kunipa mkono alinawa, tena kwa muda mrefu.

Kiwanja chake kilikuwa kizuri kuliko vyote nilivyowahi kupewa. Nyuma yake mlima ulishuka wote na ngolo zake, mstari kwa mstari, na mibuni ikafuata mpaka mtoni. Kwa mazoea nilisimama pale nikamwambia hapa tuweke dirisha kubwa. Akatikisa kichwa. Madirisha yote, alisema, yatazame barabara ya kwenda mjini. Nikamuuliza hewa itapitaje.

"Itaingia kwa mbele, fundi."

Nilikaa kwenye kigoda nikachora juu ya goti. Mbele niliweka madirisha yote aliyoyataka. Ukuta wa nyuma niliuchora mstari mmoja mzito, kona hadi kona, bila tundu. Akaichukua karatasi, akapitisha kidole juu ya mstari ule mpaka mwisho, akaniambia sasa nimejua kuchora.