Nani Kahamisha Bendera Zangu?

Asubuhi ile nilikuta bendera zangu zimehama. Mtu kazing'oa, kazichomeka kwingine.

Kazi yangu ufukweni ni hii: kukikucha naitazama bahari, naandika kwenye ubao wa matangazo ukubwa wa mawimbi na upande ambao mkondo unavuta watu, kisha nachomeka bendera mbili. Waogeleaji wakae katikati. Wanaoteleza kwenye mawimbi kwa ubao wakae nje.

Niliandika: "Mawimbi ya kiunoni. Maji vuguvugu. Mkondo mkali upande wa mawe."

Nikaenda kunywa chai.

Narudi, bendera ziko upande wa mawe!

Pale maji yametulia kama ya beseni. Wimbi halivunjiki, kwa sababu maji yote yanarudi baharini kwa kupitia hapohapo. Ukiingia unasombwa kama taka.

Na kule mbali kulikuwa na kichwa, kofia ya njano.

Dada yangu!

Nilikimbia na miguu yangu hii mibovu, natukana njia nzima.

Kijana anayefundisha watu kuteleza kwenye mawimbi alinitangulia. Alimpakia kwenye ubao wake, akapiga makasia kwa mikono kutoka kwenye mkondo, akamfikisha mchangani.

Sikumshukuru. Nilimkaba.

"Wewe! Jana si ulilalamika bendera zangu zinawanyima wanafunzi wako mawimbi? Leo umezihamisha, uniulie dada!"

"Mzee, niachie! Ningekuwa mimi ningehangaika kumtoa?"

"Funga domo!"

Dada akatapika maji, akajifuta.

"Mwache mtoto wa watu. Nimezihamisha mimi."

"Wewe?"

"Kule kwako mawimbi yananipiga magoti. Huku kumetulia."

"Kuna mkondo! Ubao hukuusoma?"

"Nimeusoma, kaka. Ndiyo maana nikaja na bendera." Akanitazama kama mimi ndiye mjinga. "Si wewe kila siku unatuimbia kwamba penye bendera ni salama?"

Jamani.

Alidhani bendera ndizo zinazotuliza bahari!

Kijana akaangua kicheko. Nikamtukana, nikamwomba radhi, nikamgeukia dada, nikamtukana yeye mpaka sauti ikakauka.

Ndugu msomaji, ukimwonyesha mtu mahali salama, mwambie na sababu. Akibaki na alama tu, ataibeba aende nayo anakotaka yeye.

Mimi bado nimevimba. Dada nimemweleza mpaka nimechoka, anaitikia vizuri tu.

Halafu anawaambia majirani bendera zangu ni feki.