Baba Alipeleka Nazi kwa Adabu, Mimi Nikaziita Ushahidi

Msimamizi wa ukurasa huu, jina langu libaki kwako. Mimi ni mzee wa miaka sitini na mitatu, mgane, naishi peke yangu katika mji wa bara ambako majirani huniita "Mzee wa Pwani" kwa kuwa hawakuwahi kuuliza jina jingine. Nilizaliwa Likoni. Ni zaidi ya miaka thelathini sijalala Likoni, na nitaeleza kwa nini.

Mwishoni mwa miaka ya themanini nilikuwa mwanafunzi wa sheria Nairobi. Nilichaguliwa kushiriki mashindano ya mahakama ya kuigiza. Wanafunzi hupewa kesi ya kubuni, huchimbua hoja vitabuni, kisha husimama mbele ya majaji kama mawakili. Hujui utatetea upande gani hadi kura ipigwe, kwa hiyo waandaa pande zote mbili. Kesi yetu ilimhusu mtu aliyeishi miaka mingi kwenye shamba lenye hati ya mwingine. Sheria ilisema akikaa wazi miaka kumi na miwili, bila ruhusa ya mwenye hati, aweza kulidai liwe lake.

Hiyo ilikuwa kesi ya nyumbani kwetu hasa. Babu yangu ndiye aliyejenga pale. Mwenye hati alikaa kisiwani, na hatukumlipa kodi hata siku moja. Ila kila Idi Baba alivuka feri na pakacha la nazi, akabisha hodi kwake, akanywa kahawa, akarudi.

Likizo ile niliandalia hoja nyumbani. Asubuhi nilivuka kwenda kunakili kwa mkono vitabu vya wakili mmoja aliyenihurumia. Alasiri nilijaribu hoja zangu barazani. Katika daftari langu kurasa za kushoto zilikuwa za mwenye hati, za kulia za mkaaji. Dada yangu mkubwa ndiye aliyekuwa jaji, kajitanda kanga, mwiko mkononi.

"Kaa kitako, wakili! Nani kakupa ruhusa ya kusema?"

"Mheshimiwa Jaji, naomba..."

"Omba kwa adabu. Tena hilo shati lako lanuka papa!"

Baba alicheka hata akafuta machozi. Nami nikamuuliza kwa nini humpelekea yule bwana nazi. Akashangaa swali lenyewe. "Mwanangu, mwaka mzima mwajuana na mtu, Idi ikifika humsalimu?" Nikaliandika jibu lake ukurasa wa kushoto.

Kura ikaniangukia upande wa mwenye hati. Baba akapanda treni kuja kunisikiliza, akaketi safu ya nyuma na kanzu yake nyeupe, hajui Kiingereza hata neno. Nikasema: anayebisha hodi kila mwaka, na zawadi mkononi, amekwisha kukiri kwamba mlango si wake. Majaji wakaandika. Wapinzani wangu hawakuwa na jibu.

Jibu lilikuwapo. Nilikuwa nimelipata mwenyewe, nikaliandika kulia: kukiri kwa namna hiyo sharti kuwe kwa maandishi na saini, na zawadi ya ujirani si kodi wala si kuomba ruhusa. Nilifurahi kwamba wapinzani hawakulifikia. Tukashinda.

Baadaye tulikunywa chai katika hoteli karibu na stesheni. Baba akauliza, "Ulisema nini hata wakapiga makofi vile?" Nilikuwa nimevimba kwa fahari. Nikamtafsiria neno kwa neno, kurasa za kushoto peke yake. Akakizungusha kikombe juu ya sahani. "Kumbe zile nazi," akasema. Kisha, "Umesema vizuri, mwanangu. Mungu akuzidishie." Nilidhani ananisifu tu.

Miaka michache baadaye mwenye hati akafa, wanawe wakatupa notisi ya kuhama. Majirani tuliokaa nao shamba hilohilo wakaenda mahakamani, wakaja kumwita Baba awe pamoja nao. Mimi nilikuwa Nairobi. Dada ndiye aliyenisimulia alivyowajibu: "Mimi kesi yangu imeshaamuliwa, tena na mwanangu." Akayashusha makuti ya paa kwa mikono yake kabla siku ya notisi haijafika.

Niliwakuta Magongo, katika chumba kimoja cha kupanga. Kesi ya majirani ilikuwa bado inasikizwa; Baba angeweza kujiunga nao. Nikafungua kinywa. Akanitangulia: "Usijilaumu, mwanangu. Sheria ni sheria." Wallahi, nikanyamaza. Niliona haya kumwambia kwamba nilijua, nikamficha. Majirani walishinda, wapo pale hata leo. Baba alifia Magongo. Nilimaliza masomo lakini joho la wakili sikulivaa. Nikaja bara kuwa karani, nikabaki.

Sasa mjukuu wa dada yangu anasoma sheria, naye amechaguliwa kwa mashindano kama yale. Alinipigia simu: "Babu, Bibi asema ulikuwa simba. Nalitaka lile daftari." Dada akaichukua simu. Bado anapanga Magongo, na miaka yote hii anaamini zile nazi za Baba ndizo zilizotunyima haki pale. "Mpe mtoto, mdogo wangu," akaniambia. "Angalau kushindwa kwetu kumfae mtu."

Atafika Jumamosi. Ni msichana makini, atasoma pande zote mbili, na ukurasa ule wa kulia una tarehe niliyoiandika mwenyewe, wiki mbili kabla ya mashindano. Nikiuchana, nitakuwa nimemficha Baba mara ya pili. Nikiuacha, dada yangu atasikia kutoka kwa mjukuu wake kwamba nyumba haikuchukuliwa na sheria. Nikimpigia dada leo nimwambie mwenyewe, huenda nikampoteza mtu pekee duniani anayeniita mdogo wangu.

Nyinyi mnaosoma hapa, wenye wazee na wenye ndugu, mngekuwa mimi mngefanya nini? Simu iko mezani, daftari liko kando yake.