Matumbo Mawili Nyumba Moja

Mwanangu wa kwanza alicheza tumboni nikiwa nimekaa chini kwenye turubai, miguu nimeinyoosha, napiga vichwa vya alizeti kwa fimbo. Ulikuwa wakati wa mavuno, na upepo wa Ulemo miezi ile haumwachi mtu. Makapi yalituingia machoni, puani, mpaka ndani ya vilemba. Upande wa pili wa turubai alikaa wifi yangu, dada wa mume wangu. Alikuwa ameolewa Mitundu, akarudi kwao kujifungua mimba yake ya kwanza. Tumbo lake lilikuwa limeshashuka. Langu ndiyo kwanza lilikuwa linaanza kuonekana.

Nilipoolewa katika nyumba ile nilikuwa mgeni, na mama mkwe wangu hakuwa mtu wa maneno mengi na mimi. Wifi alipokuja ndipo nikapata mtu wa kuongea naye. Yale ambayo nisingeweza kumuuliza mama yake, nilimuuliza yeye.

"Wifi, nitajuaje kama ni mtoto na si gesi?"

"Umewahi kuchezwa na jicho? Ndivyo hivyo hivyo, ila ni huku chini."

Jioni tukishamaliza kazi alikuwa akijilaza kwenye mkeka na kuweka kikombe cha plastiki juu ya tumbo lake. Mtoto akipiga teke kikombe kinatikisika, wakati mwingine kinaanguka, nasi tunacheka kama watoto wa shule. Nilikuwa namwonea wivu, lakini wivu mzuri.

Basi siku ile, fimbo ikiwa hewani, nikahisi kitu chini ya kitovu. Kama jicho linavyocheza. Nikatulia. Kikarudi tena.

"Wifi," nikasema, "amecheza."

Alijikokota mpaka upande wangu na tumbo lake lile zito, akaweka kiganja.

"Kwa nje bado hasikiki, lakini yupo," akasema, akitabasamu. Kisha akajishika tumbo lake mwenyewe. "Wangu mimi kaninunia. Tangu jana hajanisumbua."

Mama mkwe alikuwa pembeni anapepeta. Alimsikia.

"Anajipanga kutoka," akasema. "Mtoto akikaribia kuzaliwa hutulia."

Nikasema, kwa adabu yote niliyokuwa nayo, "Mama, kule kliniki nesi alituambia mtoto akiacha kucheza tusikae nyumbani, twende."

Alisimamisha ungo. "Wewe umezaa wangapi?"

Wifi aliniangalia, akamwangalia mama yake, akarudi mahali pake na kuchukua fimbo.

Jioni nikamweleza mume wangu. Alikuwa anafunga magunia ya kupeleka Singida kwenye mashine ya kukamua. Hakuinua kichwa. "Hayo mambo yenu ya kinamama," akasema. "Mama anajua."

Asubuhi yake wifi hakutoka kupiga alizeti. Nilimkuta ameegemea ukuta, ameshakunywa maji ya baridi, ameshakunywa chai yenye sukari nyingi, amejilaza ubavu huu na ule. Akaniita.

"Weka mkono."

Nikaweka. Nikakaa hivyo kwa muda mrefu, kiganja changu kwenye tumbo gumu, lililonyamaza. Na wakati ule ule wangu alicheza. Nikamhisi vizuri kabisa, mara moja na tena. Nilikuwa na mkono kwenye mtoto aliyenyamaza, na ndani yangu mwingine anarukaruka.

"Wifi, twende," nikamwambia.

"Mwambie mama."

"Mimi nimeshasema jana. Mwambie wewe, ni mama yako."

Akaanza kulia. Ni kilio kile kilichomtoa mama mkwe jikoni, si maneno yangu. Mume wangu akatafuta bodaboda. Wifi akapanda na mama yake, mimi nikafuata na ya pili nikiwa na beseni, kanga na nguo za mtoto ambazo tayari zilikuwa zimefuliwa na kukunjwa.

Kwenye zahanati nesi alimsikiliza tumbo kwa kile chombo chao cha mapigo ya moyo, akakihamisha huku na huku, akakirudisha alipoanzia. Alipomaliza hakutuangalia. Akasema twende hospitali, hapohapo.

Hospitali daktari akauliza, "Ameacha kucheza lini?"

Mama mkwe akajibu, "Leo asubuhi."

Wifi alikuwa amelala, amefumba macho. Nilingoja aseme, hakusema. Nikasema mimi. "Tangu juzi, daktari."

Mama mkwe hakunigeukia. Lakini nilijua, pale pale, kwamba neno lile nitalilipia.

Walimwanzishia uchungu. Alimzaa mtoto wa kiume, mzima wa viungo vyote, nywele kichwani, kucha vidoleni. Hakulia. Wifi aliomba kumshika, akapewa, akamshika mpaka walipokuja kumchukua.

Tukamzika nyuma ya nyumba, karibu na ua wa minyaa. Nasema tukamzika, lakini mimi nilikatazwa kusogea. Mjamzito haangalii kaburi la mtoto, walisema. Nikabaki jikoni nasikia jembe.

Majirani walipokuja kutoa pole, mama mkwe alikaa mlangoni na kuwapokea mmoja mmoja. Mimi nilikuwa napita na chai. Alisema bila kupunguza sauti:

"Matumbo mawili hayakai nyumba moja. Huyu wa kwake kaamka, wa mwanangu akalala siku hiyo hiyo. Na alitangaza, palepale kwenye alizeti, kila mtu akasikia."

Wanawake wale waliangalia vikombe vyao. Hakuna aliyebisha. Yupo aliyenitazama tumbo, kisha akaweka chai yangu chini bila kuinywa.

Wifi alijua ukweli. Alijua wa kwake alikuwa amenyamaza kabla wangu hajacheza, maana yeye mwenyewe ndiye aliyesema. Nikangoja amwambie mama yake. Alikuwa chumbani, matiti yamejaa maziwa, yamefungwa kwa kanga yasiendelee. Nikampelekea uji.

"Uji aniletee mama," akasema.

"Nimekukosea nini, wifi?"

Alifikiri kidogo. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonivunja. "Hujanikosea. Ila sitaki kukuona na hilo tumbo."

Nikaweka bakuli chini, nikatoka.

Mume wangu nilimwambia yote: maneno ya mlangoni, chai iliyoachwa, uji. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Mama ana uchungu. Mvumilie."

"Na mimi je?"

"Wewe wako yupo."

Tangu hapo nilibeba mimba ile kama mtu aliyebeba kitu cha wizi. Nilivaa kanga mbili, moja juu ya nyingine, hata jua likiwaka. Mtoto akicheza mbele za watu niligeuka ukutani, nikajifanya natafuta kitu. Alikuwa na nguvu, kila siku nguvu zaidi, na kila teke nililisikia kama nashtakiwa. Wakati mwingine nilimwambia kimoyomoyo, tulia. Kisha akitulia kweli naingiwa na hofu, natikisa tumbo mpaka arudi. Mume wangu hakuwahi kuweka mkono. Hakuomba, nami sikumwita.

Wifi alirudi Mitundu kabla sijajifungua. Aliniaga kutoka mbali, akiwa tayari barabarani.

Binti yangu alizaliwa wakati wa mvua. Nilipofika naye nyumbani, mama mkwe alinipokea kwa vigelegele. Akamchukua mikononi mwangu, akamwogesha, akamfunga mgongoni, akazunguka naye mji mzima kumwonyesha kwa wale wale wanawake. Mpaka leo mtoto hatulii bila bibi yake. Na yale maneno hajayarudia wala hajayafuta. Nadhani kwake yameisha. Yalikuwa ya siku ile tu, yakamsaidia siku ile, akaniachia mimi niendelee nayo.

Wifi alikuja kwenye harusi ya ukoo, binti yangu akiwa tayari anazungumza. Mungu hajamjalia mtoto mwingine. Nilimsukuma mwanangu mbele, akasalimia kama alivyofundishwa.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba." Akamwangalia kuanzia kichwani hadi miguuni, kisha akanigeukia. "Ndiye huyu?"

"Ndiye."

Akampa biskuti, akaenda kukaa na wanawake wengine. Hatukuongea tena mpaka harusi ikaisha.

Sasa nina mimba ya pili. Juzi mume wangu alinikuta uani nachambua mlenda, mama yake yuko kivulini anacheza na mjukuu wake. Akachuchumaa karibu yangu, akauliza kwa sauti ya chini, kama mtu aliyekumbuka jambo alilopaswa kuliuliza zamani:

"Bado hajaanza kucheza?"

"Bado," nikamjibu.

Alikuwa anacheza tumboni wakati ule ule. Niliendelea kuchambua mboga.